Jibu la Sura ya Mwisho

Alhamisi ile Mama Kalamu aliamka na hamu moja tu: kuona penseli.

Si penseli ya kununua dukani, la. Penseli ya Fundi Wino. Kwa miaka saba, kila riwaya yake ilipokaribia kuchapwa, kiwanda kilimletea prufu, yaani ile nakala ya kwanza ambayo mwandishi huipitia kutafuta makosa, na kila prufu ilikuja na maneno madogo ya penseli pembeni mwa kurasa. Fundi Wino hakuajiriwa kutoa maoni. Aliajiriwa kupanga kurasa, kutengeneza mabati ya kuchapia na kuuangalia mtambo usitafune karatasi. Lakini mtu akishinda na maneno ya mwanamke tangu asubuhi hadi jioni, mdomo utanyamaza, mkono utagoma kunyamaza. "Hapa nimecheka mpaka wenzangu wameniuliza kuna nini." "Huyu bwana wa ukurasa wa arobaini simpendi, viatu vyake vinang'aa mno." "Hapa imebidi nikanywe maji kwanza." Mwanzoni Mama Kalamu aliyafuta maneno hayo kwa kifutio, tena kwa hasira. Baadaye akawa anayasoma kabla ya kuyafuta. Mwisho akaacha kabisa kuyafuta. Prufu kumi na moja zilikuwa chini ya kitanda chake zimefungwa kwa utepe, na ole wake ambaye angemuuliza za nini.

Basi wiki sita nyuma, alipokwenda mwenyewe kiwandani kupeleka sura ya kumi na moja ya riwaya yake ya kumi na mbili, Fundi Wino alimsindikiza hadi mlangoni. Akafuta mikono kwenye aproni, akazidi kuichafua.

"Mwandishi," alisema, "mimi si mtu wa maneno, wewe unajua. Nataka tuoane."

Jamani! Mwanamke aliyewaandikia wanawake kumi na mmoja majibu ya kumtoa nyoka pangoni, siku hiyo alikosa hata moja la kwake. Alikuwa mjane kwa miaka kumi na mmoja. Wifi zake walishapitisha hukumu kwenye simu zamani: "Ana riwaya zake, anataka nini tena?" Akamtazama Fundi, Fundi akamtazama yeye, na mtambo nyuma yao ukaendelea kupiga kelele zake.

"Jibu lako," alisema mwishowe, "utalisoma sura ya mwisho."

"Nitasubiri," Fundi alijibu. "Kusoma ndiyo kazi yangu."

Riwaya yenyewe ilihusu mjane mshonaji na fundi saa aliyepanga chumba mkabala na duka lake. Mama Kalamu aliiandika sura ya mwisho kwa siku tatu, moyo ukimwenda mbio kama msichana wa shule. Ndani yake fundi saa alimwomba mshonaji, na mshonaji akakubali. Hakuficha kitu, hata kipofu angeona anajibiwa nani. Alipomaliza akampa binti yake daftari akataipu, kama ilivyo kawaida ya nyumba ile: mama anaandika kwa mkono, binti anataipu kwenye kompyuta, faili linakwenda kiwandani. Tangu hapo ni kusubiri.

Saa tatu na nusu hodi ikapigwa. Hakuwa Fundi aliyeshika bahasha ya prufu. Alikuwa Redio, mama wa makamo aliyefanya kazi ya kukunja kurasa kiwandani, na jina hilo alipewa kwa sababu habari haikuwahi kulala kifuani mwake hata siku moja.

"Leo umeleta wewe?" Mama Kalamu aliuliza, akichungulia nyuma ya Redio kama vile Fundi angejificha pale.

"Fundi anafunga mizigo, dada'angu. Kwani hujaambiwa?"

"Mizigo ya nini?"

"Anaondoka leo! Kapata kazi kiwanda kingine huko mbali, basi lake saa saba. Jana kawaaga watu mmoja mmoja kwa mkono. Nikamuuliza, Fundi, umeudhiwa na nani? Akanijibu, 'Nimesoma, nimeelewa.' Sasa hiyo nayo lugha gani?"

Mama Kalamu aliichana bahasha palepale mlangoni. Akafungua ukurasa wa kwanza. Hapakuwa na penseli. Wa pili, hapakuwa na penseli. Akapekua hadi mwisho: pambizo zote nyeupe pe, na chini kabisa ule mstari mtupu ambapo mwandishi akiridhika huandika "Ichapwe" na kutia saini. Bila neno hilo, mtambo hauwashwi.

Ndipo akasoma. Fundi saa aliomba, vilevile kama alivyomwandika. Kisha mshonaji akajibu:

"Moyo wangu ni chumba cha marehemu. Nimekifunga, na ufunguo nimemzika nao. Nenda, na usigeuke nyuma."

Fundi saa akaenda, na kitabu kikaishia hapo.

"Ebo!" Mama Kalamu alifoka. "Nani kaandika haya?"

"Si wewe?" Redio akashangaa. "Mwandishi nani mwingine humu?"

Na kilichomuuma zaidi, maneno yenyewe yalikuwa mazuri. Angekuwa ameiandika yeye, angejivunia sentensi ile miaka ishirini. Aliingia chumbani, akatoa daftari lake, akalinganisha. Jibu lake lilikuwa palepale kwenye daftari, kwa mwandiko wake. Kati ya daftari na kiwanda palipita mikono miwili tu.

"Bosi!"

"Abee mama."

Bosi alikuwa sebuleni akipiga pasi sare yake, maana zamu yake ya mapokezi hotelini ilianza mchana. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mtoto wa pekee, na ubosi aliuanza akiwa na kumi na mitatu, mwaka aliokufa baba yake. Tangu hapo yeye ndiye aliyeamua katika nyumba ile kiliwe nini, kinunuliwe nini na mlango ufungwe saa ngapi.

Mama yake aliweka daftari na prufu juu ya meza, bega kwa bega. Bosi akatazama mara moja tu, akarudisha macho kwenye pasi.

"Chomoa," mama alisema. "Utaunguza sare."

Bosi akachomoa.

"Umenibadilishia sura yangu."

"Nimeiboresha." Sauti yake ilijikaza, lakini haikufika mbali. "Mama, wasomaji wanapenda kulia. Wapenzi wakioana, kesho yake kitabu kimesahaulika. Wakitengana, mtu anakisoma mara mbili na kumwazima jirani. Umesema mwenyewe."

"Nimesema. Na nikasema nini kingine? Nikasema msomaji hulia akipewa sababu! Huyu mshonaji tangu sura ya kwanza anamtengea mwanamume kiti kisichoyumba. Sura ya tano kamgeuzia kola ya shati bila kuombwa. Sura ya tisa kasimama kwenye mvua anamngoja. Halafu sura ya kumi na mbili unamfungisha mlango tu, pwaa! Nani kamtisha? Kimempata nini kati ya ukurasa na ukurasa? Watu wanaopendana hawatengani kwa sababu anayetaipu amechoka. Lazima kiwepo kitu kikubwa kuliko wao, na kiwe kinatoka ndani yao. Sababu yake iko ukurasa gani?"

"Haiko kwenye ukurasa."

"Basi iko wapi?"

"Iko mle!" Bosi alinyoosha kidole kwenye mlango wa chumba cha mama yake, na sauti ikampasuka. "Iko mle ndani, mama. Miezi kumi na minne ulilala mle. Baba alizikwa, ukaingia, hukutoka. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu! Nikakuogesha. Nikakulisha kwa kijiko. Nikawadanganya walimu kwamba unaumwa mgongo. Shangazi alipokuja kuangalia kama naweza kubaki na wewe, nilikuamsha alfajiri, nikakukalisha kwenye kiti, nikakupaka poda usoni ufanane na mtu. Unakumbuka?"

Mama Kalamu hakukumbuka. Miezi ile kwake ilikuwa kama ukurasa uliomwagikiwa maji. Poda hakuwahi kuijua hadi leo.

"Halafu nikakupa daftari langu la hesabu ambalo lilikuwa limebaki nusu," Bosi aliendelea, machozi yakimdondoka juu ya sare iliyopigwa pasi upande mmoja. "Nikakwambia, mama, andika chochote. Hata uongo. Ukaandika, ukaamka. Sasa unaleta mwanamume tena. Ana miaka hamsini na sita, anakohoa kutwa nzima. Akifa je? Nani atakuokota? Mimi tena?"

Redio pale mlangoni alianza kuhesabu kucha zake. Mama Kalamu alivuta kiti akakaa. Aliona aibu, kisha akaona uchungu, kisha akaona upendo mkubwa kwa mtoto huyu. Na katikati ya yote hayo, hasira yake haikuondoka. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Aliujua msemo huo tangu utotoni, ila hakuwahi kuona kwamba hata mtoto anaweza kumchelea mzazi.

"Kumbe aliyekataa pale si mshonaji," alisema taratibu. "Ulijiandika wewe."

Bosi akafuta pua kwa mkono.

"Nisamehe, mwanangu. Kwa poda, kwa kijiko, kwa kila kitu. Sina maneno ya kukushukuru, na humu ndani mimi ndiye mwenye maneno. Lakini nikuulize kitu. Ulinitoa kitandani ili niishi, au ili nikae tu nisikusumbue?"

"Mama..."

"Nauliza, nijibu."

"Uishi," Bosi alinong'ona.

"Basi niache niishi, pamoja na hatari zake. Akifa nitalia. Nitalia sana, sikudanganyi. Lakini mara hii nitalia nikiwa nimekaa, na nitajiogesha mwenyewe. Wewe utakuwa nyumbani kwako, unakuja kunitazama na supu kama mgeni, unakunywa chai unaondoka. Umenisikia?"

Aliinuka. Akachukua daftari, akaliweka kwapani.

"Unakwenda wapi?"

"Kiwandani."

"Hatakuamini. Amesoma, na lililoandikwa limeandikwa."

"Ataniamini au hataniamini, lakini atanisikia."

"Mama, umevaa ndala!"

"Ndala zinatembea," alisema Mama Kalamu, akatoka.

"Mimi sijasikia kitu," Redio alimwambia Bosi kwa sauti ya mtu aliyesikia vyote, kisha akamkimbilia mwenzake.

Walikwenda kwa miguu, njia ya mkato nyuma ya karakana za magari. Redio alijaribu kuuliza maswali mawili matatu, hakujibiwa hata moja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akanyamaza mtaa mzima. Mama Kalamu alikuwa amepiga moyo konde. Maisha yake yote ya uandishi alikuwa akiwafikisha wanawake kwenye mlango wa mwanamume, halafu yeye anarudi jikoni kuchemsha chai. Leo hakukuwa na wa kumtuma.

Kiwanda kilinuka wino na mafuta ya taa. Mtambo ulikuwa ukitema karatasi, na kina mama wanne walikuwa mezani wakikunja, vidole vikienda bila kuangaliwa. Fundi Wino alikuwa pembeni akinawa mikono kwa mara ya mwisho, begi lake miguuni, amevaa shati safi ambalo halikumzoea. Alipomwona Mama Kalamu mlangoni, alisahau maji yanayomwagika.

"Zima mtambo," Mama Kalamu alisema.

"Mwandishi, mtambo hauzimwi katikati ya kazi. Hizo ni kalenda za watu."

"Fundi. Zima."

Fundi Wino akazima. Mtambo ukaguna mara mbili, ukanyamaza, na kina mama wakaacha kukunja wote kwa pamoja.

"Unakwenda wapi?"

"Kuna kiwanda kimoja huko..."

"Sikuulizi anwani. Nauliza unakwendaje na mimi sijatia saini."

"Saini ya nini tena?" Fundi alijifuta mikono polepole, kidole kwa kidole. "Jibu nimelisoma. Nimelisoma mara nne. Mara ya kwanza nilipokuwa napanga kurasa. Ya pili natafuta makosa, na halikuwa na kosa. Ya tatu natengeneza bati. Ya nne natoa prufu, nikahakikisha wino umekolea vizuri. Wenzangu hukataliwa mara moja wakaenda zao, Mwandishi. Mimi nimekataliwa mara nne, na mara zote nikakagua pambizo kama zimenyooka."

Mmoja wa kina mama akaguna kwa huruma. Mama Kalamu hakulegea.

"Na hukushangaa?"

"Nilishangaa."

"Miaka saba unawasoma wanawake wangu! Uliwahi kuona hata mmoja akimtimua mtu bila sababu? Uliona kiti, uliona kola, uliona mvua ile ya sura ya tisa. Tena siku nilipoleta sura ya kumi na moja uliniambia juu ya mvua ile, 'Huyu mama atapata homa, mpe mwavuli!' Halafu anamfukuza, na wewe kimya? Ungeandika 'kwa nini?' Tu! Kwa penseli! Umenipa maoni juu ya viatu vya watu wasiokuwepo duniani, ukurasa mmoja unaokuhusu wewe ukaufunga mdomo!"

Fundi Wino aliinamisha kichwa. Alipokiinua, macho yake yalikuwa mekundu.

"Niliogopa ungenijibu," alisema.

Hofu ile Mama Kalamu aliijua. Ndiyo iliyomfanya yeye aseme "utalisoma" badala ya kusema ndiyo mlangoni, wiki sita zote zile.

"Haya," alisema, sauti imeshuka. "Maneno yale si yangu. Yalibadilishwa kabla hayajakufikia. Nani na kwa nini, hilo ni la nyumbani kwangu, na aliyefanya ana haki juu yangu kuliko wewe. Yangu haya hapa." Akafungua daftari, akasoma: "'Fundi, kiti hiki sijamtengea mtu mwingine tangu ulipohamia hapa. Nimechoka kukutengea kwa saa moja moja. Kaa. Kaa moja kwa moja.'"

Kina mama walivuta pumzi. Redio alijifuta jicho kwa pindo la nguo. Fundi Wino alisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Hilo ni jibu la mshonaji."

"Eeh."

"Anamjibu fundi saa."

"Eeh, sasa?"

"Mimi sitengenezi saa, Mwandishi." Alisogea hatua moja. "Nimekaa pembeni mwa kurasa zako miaka saba, na sikulalamika. Lakini jibu la karatasi limeshanitia adabu. Nikipewa jingine, nitaanza tena kujiuliza limepita mikononi mwa nani. Nataka la mdomo."

Mama Kalamu alifunga daftari. Akampa Redio alishike, mikono ibaki mitupu, maana alijua akiwa nalo atajificha nyuma yake. Akafungua mdomo, ukafunguka bila sauti. Angekuwa mhusika wake, angemtafutia mvua, au paka apite, au chombo kivunjike jikoni. Hapakuwa na paka. Palikuwa na macho ya watu watano na mwanamume mwenye shati safi.

"Nataka," alisema.

"Nini?"

"Usinifanyie makusudi, Fundi."

"Haki ya Mungu sifanyi. Sikio hili limekufa kwa kelele za mtambo."

"Nataka uwe mume wangu!" Sauti ikatoka yote, ikajaa chumba. "Nataka kikohozi chako kikanisumbue nyumbani kwangu. Naogopa, Fundi. Naogopa kupita kiasi, na nataka hivyohivyo. Haya, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Fundi Wino, na akacheka huku machozi yakimtoka bila kuyafuta.

Redio alipiga kigelegele, kina mama wakamdakia. Mama Kalamu alihisi mkono wa Fundi ukiushika wake, mkono mgumu wenye wino usiotoka kwenye mistari ya viganja, na hakuutoa.

Kigelegele kilikatika ghafla. Bosi alikuwa amesimama mlangoni, sare imepigwa pasi nusu, anahema. Alikuwa amekimbia.

Bosi alipita kati ya meza na mtambo, akasimama mbele ya Fundi Wino. Miaka yote saba alikuwa akimwita "yule wa kiwandani," na akikutana naye humtupia "habari" akipita.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba," Fundi alijibu. "Marahaba, mwanangu."

"Mimi ndiye niliyebadilisha." Akafungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na flashi ndogo. "Niliitaipu kwanza kama alivyoandika. Nikalia. Ndipo nikaandika ile nyingine. Ya kwanza iko humu, sikuifuta."

"Kwa nini hukuifuta?"

Bosi alimwangalia mama yake, kisha sakafu.

"Ilikuwa nzuri."

Fundi akaipokea flashi kwa mikono miwili.

"Sijakupenda bado," Bosi akaongeza haraka. "Nisikudanganye."

"Sawa."

"Na hicho kikohozi utakwenda kwa daktari. Wiki hii. Nitakupeleka mwenyewe, nisikie kwa masikio yangu anasema nini."

"Sawa, Bosi."

"Nani kakwambia mimi naitwa Bosi?"

"Hajaniambia mtu," alisema Fundi. "Nimekuona kwenye riwaya ya tatu, ya sita na ya tisa. Kila mara kuna mtoto wa kike anayewaamuru watu wazima na kuokoa nyumba."

Bosi alimgeukia mama yake kwa mshangao, maana vitabu hivyo vyote alivitaipu mwenyewe na hakuwahi kujiona ndani yake. Mama Kalamu aliitikia kwa kichwa.

Fundi Wino alipiga simu kwa wale wa huko mbali, akawaomba radhi mara tatu, akarudisha begi chini ya meza. Akavua shati safi, akavaa aproni. Kisha akapanga ukurasa upya na kutoa prufu, na alipoisoma hakuna aliyethubutu kukohoa ila yeye. Alipofika kwenye jibu la mshonaji, alitoa penseli nyuma ya sikio, akaandika kitu pembeni, akamsogezea Mama Kalamu karatasi.

"Nimesoma, nimeelewa," iliandikwa.

Mama Kalamu aliyatazama maneno hayo muda mrefu, akajua prufu hii ya kumi na mbili haitakaa chini ya kitanda. Kisha akachukua kalamu, akaiweka juu ya ule mstari mtupu. Hakuandika. Aligeuka, akamnyooshea kalamu binti yake.

"Mimi siyo mwandishi," Bosi alisema.

"Daftari la kwanza ulinipa wewe."

Bosi aliipokea kalamu. Hakuharakisha. Alisoma ukurasa wote akiwa amesimama, midomo ikicheza, toka kiti kisichoyumba hadi neno la mwisho. Alifika pale mshonaji anaposema kaa moja kwa moja, akasimama, akameza mate, akarudia mstari. Watu wakasubiri. Mama yake akaubana mkono wa Fundi hadi vidole vikafa ganzi.

Bosi akainama, akaandika "Ichapwe," akapigia mstari mara mbili. Kisha akafuta macho kwa kiganja, akawatazama wote kwa zamu kama watu waliochelewa kazini.

"Haya, mnangoja nini?" alisema. "Washeni mtambo."